Princeton, Amherst au Berea? Kupanga orodha ya vyuo vya Marekani ukiwa kidato cha mwisho

Kila ifikapo Septemba naletewa orodha ambayo ningeweza kuiandika mwenyewe nimefumba macho: Harvard, Stanford, Yale, Columbia, Berkeley, na chini kabisa, eti kwa kujihami, NYU (Chuo Kikuu cha New York). Wanaoileta ni vijana wenye akili na matokeo mazuri, na wengi wao wazazi wao hawawezi kulipa hata nauli ya kufika Boston. Orodha imepangwa kwa umaarufu. Ukiipanga upya kwa swali la nani atalipa, majina kadhaa yanadondoka papo hapo, na mengine ambayo kijana hajawahi kuyasikia yanapanda juu.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha sita Tanzania au kidato cha nne Kenya ambaye lazima asomeshwe karibu bure. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo hivi, ukijumlisha ada, bweni, chakula, bima na vitabu, zimekwishapita dola 80,000. Kama mzee wako anaweza kuzitoa bila kuuza kiwanja, basi wewe chagua tu hali ya hewa unayoipenda.

Kabla ya yote, pasipoti

Juni 2025 serikali ya Marekani ilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Tangazo la Desemba 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, likaiingiza na Tanzania katika kundi hilo. Kenya, Uganda na Rwanda hazikuwemo kwenye orodha hizo. Matangazo ya namna hii hubadilika bila hodi, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi siku unayoanza kuomba, halafu isome tena kabla hujalipia chochote.

Kwa Mtanzania, maoni yangu ni kwamba usiache kuomba, kwa sababu unaomba leo kwa ajili ya kuanza karibu mwaka mzima baadaye, na vyuo vingi humruhusu aliyekubaliwa kuahirisha kuanza masomo. Lakini theluthi nzima ya orodha yako iwe nje ya Marekani. Zamani ningekwambia chuo kimoja tu cha nje kingetosha.

Milango miwili na mtego

Mbele ya mwombaji wa kigeni, vyuo teule vya Marekani havifanani hata kidogo linapokuja suala la fedha, na hapa ndipo wengi hupotea.

Kuna vyuo ambavyo, wakati wa kuamua kama wakuchukue, havitazami kabisa kama umeomba msaada. Wakikukubali, wanajaza pengo lote kati ya gharama za chuo na uwezo wa familia yako. Wenyewe huita utaratibu huu need-blind, na ni vizuri uyajue maneno hayo maana ndiyo utakayoyatafuta kwenye tovuti zao. Kwa miaka mingi vilivyofanya hivyo kwa wageni vilikuwa vitano: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin zikaingia. Kisha Brown, Notre Dame na Washington and Lee zikafuata, kuanzia wanafunzi walioanza masomo mwaka 2025.

Kuna vyuo vingine ambavyo navyo hujaza pengo lote kwa kila wanayemkubali, ila fungu lao la wageni lina kikomo. Kiasi unachohitaji kinakuwepo mezani wakati jina lako linajadiliwa, na anayehitaji kidogo huwa na nafasi nzuri kuliko anayehitaji kila kitu. Stanford, Columbia, Cornell, Duke, Penn, Williams, Swarthmore, Wellesley, Smith, Mount Holyoke, Grinnell, Macalester na Colby vimo humu. Katika vyuo hivi usijaribu kuwa mjanja kwa kusema huhitaji msaada ukitegemea kuomba baadaye. Kwa wageni, mara nyingi anayeingia bila kuomba msaada hapewi nafasi ya kuuomba akishafika.

Mtego ni vyuo vinavyoweza kukukubali kwa shangwe na kukuachia deni lote. Georgetown haitazami mfuko wako inapoamua, lakini haimwahidi mgeni kujaza pengo. Berkeley na UCLA ni vyuo vya umma vya jimbo la California, na msaada wao unaotolewa kwa kigezo cha uhitaji haumhusu mwanafunzi wa kigeni. Barua ya kukubaliwa Berkeley isiyo na senti ndani yake ni ya kutundika ukutani. Bado unalipia fomu yao kama kawaida.

Ukisikia hivyo, haraka utasema vyuo vya kundi la kwanza ndivyo bora na orodha imekwisha. Ngoja kidogo. Harvard, kwa darasa lililoanza mwaka 2024, ilipokea maombi 54,008 na kukubali watu 1,937. MIT mwaka huohuo ilipokea 28,232 na kuchukua 1,275, na wageni ni kama sehemu moja ya kumi ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza, wakigombea na washindi wa mashindano ya hisabati kutoka dunia nzima. Mlango hauulizi mfuko, lakini ni mwembamba mno. Grinnell huuliza mfuko, lakini karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano wake anatoka nje ya Marekani. Ndiyo maana orodha yenye vyuo vya kundi la kwanza peke yake naiona ni bahati nasibu.

Vitano kwa kutazama haraka

| Chuo | Mahali | Wanafunzi wa shahada ya kwanza (takriban) | Kuomba msaada kunagusa uamuzi? | Shahada ya uhandisi |
|---|---|---|---|---|
| MIT | Cambridge, Massachusetts | 4,500 | Hapana | Ipo |
| Princeton | Princeton, New Jersey | 5,800 | Hapana | Ipo |
| Dartmouth | Hanover, New Hampshire | 4,400 | Hapana | Ipo |
| Amherst | Amherst, Massachusetts | 1,900 | Hapana | Haipo |
| Grinnell | Grinnell, Iowa | 1,700 | Ndiyo | Haipo |

Harvard na Yale nimeziacha kwa makusudi, hakuna asiyezijua. Berea nayo haimo kwa sababu haiingii kwenye safu hizi, na nitaieleza peke yake.

MIT au Princeton?

Kwa mtoto wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayelala na kuamka na fizikia, MIT inaonekana ni jibu. Tofauti yake ya kwanza ni ya kazi ya mikono: MIT haitumii Common Application, ile fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi. Ina fomu yake na maswali yake mafupi kadhaa badala ya insha moja ndefu. Hiyo ni kazi ya ziada, lakini kwa mwanafunzi asiyependa kujisimulia kwa maneno 650 ni nafuu. MIT pia ilirudisha SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, kuwa lazima mwaka 2022, ikiwa ya mwanzo kati ya vyuo vikubwa kurudi nyuma baada ya korona. Bila hesabu ya SAT iliyokaribia alama zote, sioni sababu ya kutumia muda wako hapo.

Princeton inafundisha uhandisi pia, ila ina tabia nyingine kabisa. Karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu, utafiti wa kweli akiwa na profesa wake. Chuo hakina kitivo cha udaktari wa tiba, wala cha sheria, wala cha biashara, kwa hiyo walimu na fedha nyingi vinabaki kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Tangu 2025 familia nyingi zenye kipato cha hadi dola 150,000 kwa mwaka hazilipi chochote: ada, bweni wala chakula. Utaratibu huo ni wa wageni pia. Pima mshahara wa mwalimu wa sekondari wa Njombe au Kakamega kwa kipimo hicho. SAT hapo bado si lazima kwa sasa, ingawa wametangaza itarudi kwa waombaji wa msimu wa 2027–28.

Mimi huona hivi: kijana anayejua kabisa atakuwa mhandisi au mwanahisabati, MIT. Anayependa hesabu lakini anasoma pia magazeti na kubishana siasa mezani, Princeton. Kuomba vyote viwili si kosa, ila usinakili majibu ya kimoja kwenda kingine, maana inasomeka.

Dartmouth, isiyotajwa sana

Katika vyuo vinane vya Ivy League, lile kundi la vyuo maarufu vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, Dartmouth ndiyo ndogo kuliko vyote na huku kwetu hutajwa kwa nadra. Naipenda kwa jambo moja ambalo lina maana sana kwa mwanafunzi wa NECTA au KNEC. Ilipoirudisha SAT mwaka 2024, iliwaruhusu waombaji wanaosoma nje ya Marekani kutuma badala yake matokeo ya A-Level, IB, au mtihani mwingine wa taifa unaolingana na hiyo. Kwa kijana aliye mbali na kituo cha SAT, au asiye na zaidi ya dola 100 za kulipia mtihani, huo ni unafuu mkubwa. Yale imekubali mbadala pia, lakini ni IB na AP, mitihani ambayo shule zetu za serikali hazina.

Mwaka wao umegawanyika robo nne, na wanafunzi hupanga wenyewe ni robo zipi wawe chuoni na zipi waende kazini au masomo ya nje, ila majira ya kiangazi baada ya mwaka wa pili husoma hapohapo Hanover. Hanover ni mji mdogo, theluji ni ya miezi. Aliyezoea Mwanza au Kisumu atakonda Januari ya kwanza. Atazoea.

Amherst au Grinnell, na suala la jina

Hapa ndipo mabishano na wazazi huanza. "Chuo gani hicho? Hakina hata uzamili?" Ni kweli, hakina, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Chuo kidogo cha aina hii hakina wanafunzi wa uzamili wa kusahihisha kazi zako wala wa kukunyang'anya nafasi maabara. Anayekufundisha ni profesa, na anakujua jina.

Amherst, iliyoanzishwa mwaka 1821, ndiyo aliyosoma Uhuru Kenyatta, kwa hiyo Kenya angalau jina lina mwenyewe. Ukiondoa semina moja ya mwaka wa kwanza, hakuna somo la lazima nje ya fani yako: ukichukia historia, unaiaga rasmi. Na udogo wake una dawa, kwani unaweza kuchukua masomo Smith, Mount Holyoke, Hampshire na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichopo mji huohuo. Kifedha imo kundi la kwanza. Kwa mchumi, mwanahisabati au mwandishi anayehitaji msaada wote, sioni chuo kilicho bora zaidi kwenye orodha hii, na nakiweka mbele ya Harvard bila aibu.

Grinnell iko Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi, mji wa watu wasiofika elfu kumi. Utaratibu wake wa masomo unakaribiana na wa Amherst: semina ya mwaka wa kwanza ni lazima, mengine unapanga na mshauri wako. Ina hazina ya zaidi ya dola bilioni mbili kwa wanafunzi wachache hao, na haitozi ada ya maombi. Tatizo lake ni lile nililokwisha kusema, kwamba uhitaji wako unahesabiwa. Anayehitaji kila kitu lazima awe na kitu kinachomtofautisha. Mtu aliyeanzisha jambo likasimama, hata kama ni dogo na la kijijini, hapo ana sauti kuliko mwenye vyeti kumi vya semina za uongozi. Macalester, Minnesota, ni jirani yake wa kulinganisha, ila yenyewe iko mjini Saint Paul na ina historia ndefu ya wageni. Kofi Annan alihitimu hapo mwaka 1961.

Kuhusu jina: Wangari Maathai alipanda ndege mwaka 1960 katika ule mpango wa akina Tom Mboya wa kupeleka wanafunzi Marekani, akaenda Mount St. Scholastica, chuo cha masista huko Atchison, Kansas. Alihitimu biolojia mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa uzamili, na Nobel ikamkuta mwaka 2004. Sidhani kama jirani yeyote kule Nyeri alikuwa na habari na Atchison. Waajiri wa Nairobi na Dar wanaoajiri wahitimu wa Marekani wanavijua vyuo hivi vidogo. Asiyevijua ni mjomba kwenye kikao cha harusi.

Berea

Berea College, Kentucky, haijamtoza mwanafunzi ada ya masomo tangu 1892. Huchukua wageni wapatao 30 tu kwa mwaka kutoka dunia nzima, na mwaka wa kwanza huwagharimia kila kitu. Kila mwanafunzi, awe Mmarekani au mgeni, hufanya kazi ya chuo angalau saa kumi kwa wiki: maktaba, shambani, ofisini, au kwenye karakana maarufu za ufumaji na ufagio. Ndiyo, wanatengeneza mafagio na kuyauza. Chuo kilianzishwa mwaka 1855 na wapinga utumwa, na hupokea wale tu ambao familia zao hazina uwezo. Mtoto wa waziri hana nafasi, jambo linalonifurahisha.

Ukilinganisha na Amherst, fani ni chache na maabara si za kifahari, na kila mwaka wa baadaye unatarajiwa kuchangia kidogo kutokana na kazi za kiangazi. Lakini kosa ninaloliona ni vijana kuiweka Berea kama chuo cha kujihami. Nafasi 30 kwa dunia nzima si kujihami. Na tarehe yake ya mwisho kwa wageni hutangulia ile ya Januari, kwa hiyo iandike mwanzo kabisa kwenye kalenda.

Unataka kusoma nini?

Swali hili huonekana dogo mpaka udaktari utajwe. Marekani, udaktari wa tiba husomwa baada ya shahada ya kwanza ya miaka minne, na vitivo vingi vya tiba havipokei wageni kabisa. Vinavyowapokea huwadai uthibitisho wa fedha ambazo familia yako haina. Mtu mwenye PCB (fizikia, kemia na biolojia) safi na nafasi Muhimbili, Makerere au Chuo Kikuu cha Nairobi, na ambaye kweli anataka kutibu watu, sioni kwa nini azunguke Massachusetts. Kama anachokipenda ni utafiti wa biolojia na si wodi, hilo ni jambo jingine, na hapo Amherst au MIT itampa maabara ambayo hataipata kwetu akiwa mwaka wa pili.

Uhandisi unataka uangalifu wa aina yake. Vyuo vidogo vingi havina shahada hiyo. Vitakwambia kuhusu mpango wa miaka mitatu kwao na miwili chuo kikubwa. Mgeni anayehitaji msaada asiutegemee, maana ahadi ya fedha ya chuo cha kwanza haikufuati cha pili. Swarthmore ina uhandisi wa kweli ndani ya chuo kidogo. Smith, chuo cha wanawake, nayo inao, na haitozi ada ya maombi. Msichana mwenye hesabu nzuri akinionyesha orodha isiyo na Smith, huwa namuuliza kwa nini.

Kalenda ya Kenya na ya Tanzania

Tarehe za Marekani ni hizi: Common Application hufunguka tarehe 1 Agosti; maombi ya mapema hufungwa karibu na 1 Novemba; ya kawaida karibu na 1 Januari; majibu ya kawaida hutoka mwishoni mwa Machi; na unatakiwa kuchagua kufikia 1 Mei.

Kwa mwanafunzi wa Kenya, Novemba ni KCSE, na matokeo hutoka wakati dirisha la kawaida limekwisha kufungwa. Kuandika insha sita usiku wa kuamkia karatasi ya Kemia ni kujiua mara mbili. Maliza KCSE, pata matokeo, omba mwaka unaofuata. KenSAP, mpango ulioanzishwa mwaka 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, yule mkimbiaji wa mita 800, ndivyo ulivyofanya kwa wanafunzi uliowanoa Iten: kwanza matokeo, kisha maombi. Mpango wa vijana viongozi wa benki ya Equity nao umepitisha wengi. Vyuo havimhukumu aliyekaa mwaka mmoja nje ya shule, mradi aeleze aliutumiaje.

Mtanzania hali yake ni tofauti. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei na matokeo hutoka Julai, kwa hiyo unaweza kuomba ukiwa darasani na kuondoka Agosti. Utatumia matokeo ya kidato cha nne, ripoti za kidato cha tano na alama za makadirio kutoka kwa walimu. Kikwazo ni bweni lisiloruhusu simu wala kompyuta. Likizo ya Juni baada ya kidato cha tano ndiyo ya kuandika insha, na ya Desemba ni ya kukamilisha. Anayeanza Desemba amechelewa. Na kama unaona haiwezekani, mwaka mmoja baada ya kidato cha sita haukupotezei kitu.

Kaa na mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma mapema. Barua nyingi zinazotoka shule zetu husema mwanafunzi ni mtiifu, nadhifu na ana nidhamu. Huko hiyo haina uzito. Mkumbushe mwalimu wako lile swali ulilouliza likamfanya arudi na jibu kesho yake, au jinsi ulivyowafundisha wenzako topiki ya integresheni mwalimu alipokuwa likizo ya uzazi. Hayo ndiyo ya kuandikwa.

Mlango wa mapema uutumie wapi

Una nafasi moja tu ya kweli ya mapema, na vyuo huigawa kwa namna tofauti. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hukuzuia kuomba mapema vyuo vingine binafsi, lakini wakikukubali hawakufungi. Dartmouth, Brown, Amherst, Bowdoin na Grinnell wanakufunga: wewe, mzazi na shule mnasaini kwamba ukikubaliwa unakwenda, na maombi mengine yote unayaondoa. Unaachiliwa tu ikiwa fedha walizotoa hazitoshi.

Kwa asiye na uwezo, mimi huona ni upotevu kuipeleka nafasi hii Harvard, ambako humo ndani utakutana na waombaji walioandaliwa tangu darasa la sita. Ipeleke kwenye chuo kinachokufunga, ambacho kweli ungekwenda. Kama ni cha kundi la pili, faida ni kubwa zaidi, maana Novemba fungu la wageni bado halijaguswa. Wengine hupinga wakisema unapoteza nafasi ya kulinganisha barua za fedha. Ni kweli kwa familia ya kati ya Marekani. Mtu ambaye familia yake haina cha kuchangia na ameomba vyuo vinavyojaza pengo lote, hana tofauti kubwa ya kulinganisha.

Gharama za kuomba, na orodha yenyewe

Fomu moja ni kati ya dola 75 na 90 kwenye vyuo vikubwa. Common Application inakubali vyuo 20, na wapo wanaovijaza vyote. Nane hadi kumi vinatosha. Omba msamaha wa ada. Hutolewa, na kuomba hakukuharibii. Colby, Grinnell, Wellesley, Smith na Carleton hawatozi. Fomu ya fedha, CSS Profile, nayo inalipiwa kwa kila chuo. Waandikie uwaulize kama wana msimbo wa kusamehe au fomu mbadala ya bure. Ofisi za EducationUSA za Nairobi na Dar es Salaam hutoa ushauri bila malipo, na zina mfuko mdogo wa kuwalipia mitihani na fomu wachache wasiojiweza.

Mchumi mtarajiwa asiye na kitu, ningempangia hivi: Amherst mapema, kisha Dartmouth, Princeton, Bowdoin, Grinnell, Macalester, Berea. Bowdoin haijalazimisha SAT tangu 1969, kwa hiyo inamfaa aliyepata alama za kawaida. Msichana wa uhandisi: Smith mapema, kisha MIT, Princeton, Dartmouth, Swarthmore. Jaza nafasi zilizobaki kwa vyuo vya nje ya Marekani.

Huko nje, NYU Abu Dhabi huombwa kwa Common Application ileile na ina msaada mkubwa kwa wageni, ingawa nayo ni mlango mwembamba. Toronto ina ufadhili wa Lester B. Pearson unaolipa kila kitu kwa miaka minne, lakini shule yako ndiyo inayokuteua, mwanafunzi mmoja tu, kwa hiyo mwambie mkuu wa shule mapema kabla hajampa mwingine. Ashesi ya Ghana ni nzuri kwa kompyuta na biashara. Carnegie Mellon ya Kigali, ambayo wengi huiweka kwenye orodha, ni ya uzamili. Iache kwa sasa. Dirisha la TCU (Tanzania) au KUCCPS (Kenya), la kuombea vyuo vya nyumbani, lijaze kama kawaida, hata ukiwa na barua ya Princeton mkononi, mpaka viza igongwe kwenye pasipoti.

Barua za fedha zikija Machi, usitazame namba kubwa ya msaada. Tazama kilichobaki, kisha uliza vitu vitatu kwa barua pepe: bima ya afya imo, nauli ya ndege ya kila mwaka imo, na wakati wa likizo ndefu bweni na chakula vinalipwa na nani. Viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, inakuruhusu saa 20 tu za kazi kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, kwa hiyo pengo la dola 5,000 huwezi kuliziba kwa kuosha vyombo. Ukilikuta pengo hilo, andika kwa ofisi ya msaada kabla ya tarehe 1 Mei, ukiambatanisha hati za mshahara wa mzazi au barua ya mtendaji wa kijiji, na uwaombe waihesabu upya.